Majina ya Mombasa: Watawala hupita, wenyeji hubaki

Kila utawala uliopita Mombasa ulitaka kuacha majina yake mitaani. Hata hivyo, historia ya kisiwa hicho inadhihirisha kuwa wenyeji ndio huamua ni jina lipi litakalodumu.

Mji wenyewe una majina mawili. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka wa 1331, aliuita Manbasa. Wenyeji huuita Mvita, jina ambalo baadhi yao hulihusisha na vita na wengine hulinasibisha na Shehe Mvita, mtawala wa kale anayetajwa katika masimulizi yao. Leo Mombasa ni jina la kaunti, nalo Mvita ni jina la eneo bunge la kisiwani.

Katika Mji wa Kale, Wareno walioanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka wa 1593 waliuita mtaa wao mkuu Raposeira. Waomani walipoiteka ngome hiyo mwaka wa 1698, jina hilo likafifia. Mtaa huo sasa ni Ndia Kuu, kwani Wamvita husema "ndia" pale wengine wasemapo "njia".

Waingereza nao walilipa soko jina la Mackinnon, lakini wanunuzi wakaliita Marikiti. Baada ya uhuru, Kilindini Road ikawa Moi Avenue na Salim Road ikawa Digo Road. Pamoja na hayo, anayeshuka penye sanamu za pembe za ndovu husema anashuka Mapembeni, na bandari ingali Kilindini, penye kina kirefu.

Sababu iko wazi. Jina la mtu hutegemea nguvu za aliyelitoa, ilhali jina linaloeleza mahali humfaa kila apitaye.

Suala hili si la kale tu. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti mipango ya maeneo yao na barabara za kaunti. Kibao kimoja kikibadilishwa bila wazee kuulizwa, au "ndia" ikisahihishwa kuwa "njia", hupotea ushahidi wa nani aliishi pale na alisema lugha gani.

Kabla ya kuandika jina jipya, basi, wakuu wa mji wangeuliza kwanza watu wanapaitaje.