Kiti Kikilegea, Usikimbilie Msumari



Ukitembea katika skimu zetu, nyuma ya nyumba nyingi hutakosa kuona lundo la vitu vilivyovunjika: kiti cha miguu mitatu, meza isiyo na droo, kitanda kilichopasuka ubavu. Vingine ni vya mtarakwa au mvule, mbao ambazo leo bei yake si ya mchezo. Mwenye nyumba atakuambia, "Hizo ni kuni." Kisha huenda sokoni kununua kiti cha plastiki.

Mimi nasema kwamba huko ni kutupa mali. Lakini nasema pia kwamba kutengeneza bila kufikiri ni hasara kubwa kuliko kutupa. Jambo hilo nalijua kwa maana limenipata.

Babu yangu alipata shamba katika skimu zile za ekari milioni moja zilizoanza mwaka 1962. Alikuwa na kiti cha mtarakwa, nacho kikamfikia baba yangu. Mguu wa nyuma ulipolegea, nilichukua nyundo na misumari sita ya inchi tatu, nikapigilia. Ilikuwa kazi ya dakika tano, nami nikajisifu. Wiki ya tatu alikuja mjomba, mzee wa miaka 79. Alipoegemea, mguu ulipasuka, akaanguka chini mbele ya wajukuu. Kwa bahati hakuvunjika mfupa, lakini alirudi kwake mkono umefungwa kitambaa. Nilipopeleka kiti kwa fundi seremala, alitazama ile misumari, akaniambia, "Mwalimu, kiti hiki hakikuharibiwa na miaka. Umekiharibu wewe."

Alisema kweli. Mtarakwa hupasuka upesi ukipigiliwa msumari. Tena msumari haukuwa dawa ya ugonjwa ule. Mguu wa kiti hushikwa na ulimi wa mbao ulioingia katika tundu lake, na kati yao kuna gundi. Gundi ikifa, kiti hulegea. Mahindi yakiwa ya manjano huyapaki rangi ya kijani, bali hutafuta udongo umekosa nini. Basi kwa nini nyumbani tunapaka rangi juu ya ugonjwa?

Fundi alinionyesha njia, nami nakupa wewe. Kwanza andika namba kwa penseli kwenye kila mguu na tundu lake. Ukitenganisha, weka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usiumize kiti. Kwangua gundi yote ya zamani mpaka uione mbao yenyewe, kwa sababu gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi iliyokufa. Kama ulimi unacheza ndani ya tundu, ubandike ubamba mwembamba wa mbao. Tia gundi ya mbao, unganisha, kisha zungusha kamba kwenye miguu na uikaze kwa kijiti. Kabla gundi haijashika, simamisha kiti mahali palipo sawa uone kama miguu yote minne inagusa chini. Kisha kiache siku nzima bila kukaliwa. Ukikaa kwenye baridi kama ya Kinangop, fanya kazi hiyo mchana na ukiweke kiti ndani penye joto, kwa maana gundi nyingi hazishiki vema katika baridi kali.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa mambo mengine ya nyumba. Mlango ukikaza wakati wa mvua, usikimbilie randa. Mbao imekunywa maji na kuvimba. Ukiipunguza sasa, jua likirudi utabaki na pengo la kupitisha panya. Tazama bawaba kwanza. Mara nyingi skrubu zimelegea tu. Jaza tundu kwa vijiti na gundi, ikauke, kisha rudisha skrubu. Ukuta ukibambuka rangi, tafuta maji yanaingilia wapi kabla ya kununua kopo jingine.

Ukiona unga laini na vitundu vidogo kwenye kitanda, hao ni wadudu wanaokula mbao. Chomeka kisu: kikizama, kipande hicho kikatwe na kubadilishwa. Kama mbao bado ni ngumu, nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbao, uipake nje ya nyumba, ukifuata maandishi ya kopo. Nawasihi msichukue dawa ya mahindi au ya kuogeshea ng'ombe mkaipaka kitanda ambacho mtoto atalalia. Oili chafu ya gari nayo isiingie nyumbani. Gundi haishiki juu yake, na si kitu cha kugusana na ngozi ya mtu kila siku.

Yako pia mambo ambayo asiye fundi asiyaguse. La kwanza ni stima. La pili ni mapaa ya asbestosi, yale mabamba ya kijivu kama saruji yaliyo juu ya baadhi ya majengo ya zamani. Usiyakate kwa msumeno wala kuyatoboa wala kuyavunja. Vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Uliza kwanza ofisi ya NEMA, na kazi ifanywe na wenye kibali. La tatu ni rangi ya zamani sana, ambayo huenda ina risasi. Usiipige msasa ikiwa kavu, hasa penye watoto.

Wako watakaoniuliza, "Tukijitengenezea wote, fundi atakula nini?" Fundi hatakosa kazi. Kazi ya kuharibu niliyomfanyia ilimchukua siku mbili, nami nililipa. Afadhali kazi ndogo tuzifanye wenyewe vizuri, tumpelekee fundi zile zinazohitaji ujuzi wake, na tusimpelekee vitu ambavyo tumekwisha kuviua kwa misumari. Fedha tutakazookoa zina kazi nyingine: karo, mbegu, mbolea.

Basi mwezi huu toa kitu kimoja katika lundo lako, kilicho kidogo kuliko vyote, hata kama ni kigoda. Kaa nacho kwanza uulize kimeharibikaje, ndipo ushike nyundo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba kabla ya kuuziba, ujue umeletwa na nini.

Kiti cha babu kimesimama tena. Mjomba alikuja juzi, akakitikisa mara tatu kwa mkono wake, ndipo akakaa.