Vilele Viwili kwa Siku Moja

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu, ndugu msomaji, halikuvunjika. Lakini hilo namshukuru Mungu, wala sijisifu. Nimeona heri leo nikusimulie jinsi nilivyopanda Milima ya Uluguru peke yangu, ili ye yote nyumbani mwako anayekusudia safari kama hiyo ajifunze kutokana na kosa langu, asingoje kufunzwa na lake mwenyewe.

Mtu afanyaye kazi mjini juma zima, katikati ya honi za magari na kelele za mashine, hutamani japo siku moja ya kimya. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, milima hii imekuwa kama imesogezwa mlangoni petu. Nia yangu ilikuwa kupanda kilele cha Bondwa, chenye urefu wa mita 2,120, kisha niufuate mgongo wa mlima hadi Lupanga, mita 2,138, na kurejea mjini kabla ya giza. Mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Basi piga hesabu mwenyewe ujue kazi iliyonikabili.

Msitu wa huko ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na mgeni huingia kwa kibali. Nilipokata kibali changu nilishauriwa nichukue mwongozaji. Nikakataa. Nilisema nimekuja kutafuta upweke, na upweke hauna mwenzi. Usiku mama watoto aliponipigia simu kuniuliza nitapita njia gani, nilimjibu, "Milimani tu." Maneno hayo mawili yalinisuta baadaye.

Nilianza safari saa kumi na mbili asubuhi. Njia ya kwenda Morningside, penye jengo la zama za Wajerumani, hupita kati ya mashamba ya ndizi na mboga. Nilipishana na kina mama wakishuka kwenda sokoni, mizigo kichwani, wakitembea wepesi huku mimi nahema. Kijana mmoja aliyebeba tenga la kabeji alisimama akaniamkia.

"Shikamoo, mzee. Mwenzako yuko nyuma?"

"Marahaba. Sina mwenzangu."

Akautazama mlima, akanitazama na mimi. "Basi, mzee, ukungu ukishuka, wewe rudi."

Nilimshukuru, nikaendelea. Juu ya mashamba ndipo msitu unapoanza, na hapo ndipo nilipokipata kimya nilichokitafuta. Mashina yamevikwa kijani laini kama sufu, na matone hudondoka ingawa mvua hainyeshi. Wamo humo ndege wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Saa tano na nusu nilikuwa juu ya Bondwa, chini ya minara ya mawasiliano. Mji ulionekana kama mkeka uliotandazwa. Nikajiona shujaa.

Kufumba na kufumbua, mkeka ule ukatoweka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka upande wa mashariki. Nilikumbuka maneno ya yule kijana. Lakini hamu ya kilele cha pili ilinishinda, nikaingia mgongoni mwa mlima. Njia ilikuwa nyembamba, ikazidi kuwa nyembamba, kisha nikatambua kwamba ninachokifuata si njia tena bali ni mfereji wa maji ya mvua. Nilisikia kijito chini yangu, nikajidanganya kwamba maji hayakosi kufika kwa watu. Nikashuka korongoni.

Maji hufika kwa watu, lakini hupita pasipopitika kwa mguu. Niliteleza mara mbili. Mara ya pili nilishikwa na mzizi tu, na mbele yangu palikuwa hewa tupu. Nilitoa simu. Haikushika mtandao, ingawa minara ilikuwa juu ya kichwa changu. Ilikuwa saa saba na nusu. Hapo ndipo niliposutwa: kama nisingerudi, mama watoto angewaambia watu wanitafute wapi? Milimani tu?

Nilikaa kitako, nikanywa maji, nikangoja moyo utulie. Kisha nikafanya jambo moja la busara katika siku ile: nilipanda tena, nikishika mizizi, hadi mahali pa mwisho nilipokuwa na hakika napo. Kutoka hapo nilirudi Bondwa, nikateremka kwa njia niliyojia. Nilifika mjini saa moja usiku, nimetapakaa matope. Lupanga sikuiona.

Kijito kile nimekifikiria sana. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga milima hii, hupanda, hupoa na kuangusha mvua. Msitu huipokea na kuitoa kidogo kidogo, hadi maji yafike Mto Ruvu, na kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hadi bombani Dar es Salaam. Mto huo ulipopungua Oktoba 2022, mgao wa maji uliingia majumbani mwetu. Hata aliye peke yake msituni, kumbe, amesimama juu ya kisima cha jamaa zake wote.

Sisemi watu wasiende, la hasha. Kimya kile ni dawa. Lakini anayekwenda aseme njia atakayopita na saa atakayorudi. Aweke saa ya kugeuka, na aitii hata kama kilele ki mbele ya macho. Akipotea asiteremke kubahatisha, arudi alikotoka. Na amchukue mwongozaji, maana ujira ule huingia katika nyumba ya mtu anayeishi chini ya msitu huo na kuulinda.

Binti yangu mkubwa amesikia habari hizi, naye anataka kuiona Lupanga. Tutakwenda pamoja, na mwongozaji mbele yetu. Mama watoto ameshaandika njia na saa ya kurudi, ameibandika karatasi ukutani kando ya saa.