Ulinzi wa Mtoto na Haki ya Mzazi Katika Jamii za Mitala

Mabinti wa miaka 13 au 14 wanapoozeshwa kwa jina la dini, dola haina hiari ya kukaa kando. Kilicho kigumu ni kujua mlango wa kuingilia: nani aulizwe, kwa tendo gani, na mtoto yupi aondolewe kwao. Nchini Marekani serikali za majimbo zimeingia mara mbili katika makazi ya watu wa mitala na kuwazoa watoto kwa mamia, mwaka 1953 na tena mwaka 2008. Mara zote mbili hasara kubwa iliwaangukia walewale waliokusudiwa kuokolewa.

Watu hao ni tawi lililojitenga na Wamormoni. Kanisa lao la asili liliruhusu mitala waziwazi katikati ya karne ya 19. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la George Reynolds, kwamba sheria haina mamlaka juu ya anachoamini mtu ila inayo juu ya anachotenda, na kwa hiyo dini si kinga kwa mwenye wake wawili. Mwaka 1890 rais wa kanisa, Wilford Woodruff, alitangaza kuiacha desturi hiyo. Waliokataa kuiacha walitafuta mahali pa faragha, na wengi wakajikusanya Short Creek, kijiji kilicho mpakani mwa Arizona na Utah.

Alfajiri ya tarehe 26 Julai 1953, polisi waliotumwa na gavana wa Arizona, John Howard Pyle, walikizingira kijiji hicho. Wanaume walikamatwa, na watoto zaidi ya 200 wakachukuliwa na serikali. Magazeti yalichapisha picha za watoto wakilia mikononi mwa mama zao, na wananchi ambao hawakuwa na huruma yoyote na mitala wakaanza kuwahurumia wenye mitala. Wengi wa watoto wale walikaa zaidi ya miaka miwili kabla ya kurudishwa. Mwaka uliofuata Pyle alishindwa katika uchaguzi, na mwenyewe alikiri kuwa operesheni ile ndiyo iliyomwangusha.

Madhara makubwa zaidi yalikuja baadaye, tena kimyakimya. Kwa takriban nusu karne viongozi wa Arizona na Utah walikiogopa kijiji kile kama moto. Katika ukimya huo mabinti waliendelea kuozeshwa wakiwa wadogo, na mwaka 2002 Warren Jeffs akarithi uongozi kutoka kwa baba yake, Rulon. Chini yake ndoa ilipangwa na kiongozi peke yake. Mwanamume aliyemchukiza aliweza kunyang'anywa wake na watoto, wakagawiwa mwingine. Wavulana nao hawakusalimika, maana hesabu ya mitala katika jamii iliyojifunga haina huruma: wazee wakiwa na wake kumi na zaidi kila mmoja, vijana wa kiume wengi hubaki bila nafasi. Waliosukumwa nje kwa makosa madogo, kama kusikiliza muziki au kuzungumza na msichana, walijikuta mjini bila elimu ya kutosha na bila jamaa. Wanaodhani kumlinda mtoto katika jamii hizi ni kumlinda binti peke yake wameona nusu tu ya jambo.

Jeffs alikamatwa karibu na Las Vegas mwezi Agosti 2006, baada ya kuwekwa kwenye orodha ya watu kumi wanaosakwa zaidi na FBI. Kufikia wakati huo sehemu ya wafuasi wake ilikwisha kuhamia Texas, katika shamba la ekari zipatazo 1,700 karibu na mji wa Eldorado, ambako walijenga nyumba, bustani na hekalu jeupe. Bunge la Texas halikulala: mwaka 2005 lilipandisha umri wa kuolewa kwa ridhaa ya mzazi kutoka miaka 14 hadi 16. Hiyo ilikuwa kazi safi ya dola, kwani sheria ilitaja umri na tendo bila kuitaja dini ya mtu.

Kilichofuata hakikuwa safi. Mwishoni mwa Machi 2008 simu ilipigwa kwenye kituo cha kuwasaidia wanawake. Aliyepiga alijitambulisha kuwa binti wa miaka 16 aliyeolewa na mzee shambani na kupigwa. Tarehe 3 Aprili maofisa waliingia. Binti huyo hakupatikana, na baadaye ilidhihirika kuwa simu ile inaelekea kuwa ya uongo, iliyopigwa na mtu mzima kutoka jimbo jingine. Lakini humo ndani maofisa waliona mabinti wajawazito na nyaraka za ndoa, wakaamua kwamba mafundisho ya shamba zima ni hatari kwa kila mtoto. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndivyo idara ya jimbo ya ulinzi wa watoto ilivyopiga hesabu yake. Watoto zaidi ya 400 walitolewa, wakiwemo wachanga na wavulana wa miaka mitano. Kisha walitawanywa katika vituo na nyumba za walezi kote Texas, jimbo linaloipita Kenya kwa ukubwa. Baadhi ya waliohesabiwa kuwa akina mama wa umri mdogo walithibitika baadaye kuwa watu wazima.

Akina mama 38 walikata rufaa. Tarehe 22 Mei Mahakama ya Rufaa mjini Austin iliwapa haki, na tarehe 29 Mei Mahakama ya Juu ya Texas ikaunga mkono. Hoja ya majaji inastahili kusomwa na kila ofisa wa ustawi wa jamii, popote alipo. Sheria inaruhusu mtoto aondolewe bila kusubiri pale tu panapokuwa na hatari ya papo hapo kwa mwili wake. Serikali ilionyesha mabinti watano walio chini ya umri waliopata mimba, lakini haikuonyesha hatari gani iliyomkabili mvulana mdogo au mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo. Zaidi ya hayo, serikali ililihesabu shamba zima kuwa nyumba moja, wakati zilikuwemo familia nyingi, na nyingine hazikuwa za mitala hata kidogo. Imani ya wazazi peke yake, walisema majaji wa rufaa, haitoshi kuwa ushahidi wa hatari.

Mahakama ya Juu haikuiacha idara mikono mitupu. Ilikumbusha kwamba jaji wa wilaya angeweza kumtoa mtuhumiwa nyumbani badala ya kumtoa mtoto, kupiga marufuku watoto kusafirishwa nje ya eneo, na kuzuia wasifichwe. Majaji watatu walitofautiana na wenzao kwa sehemu: kwao, mabinti waliokwisha kubalehe walikuwa hatarini kweli, na idara ilikuwa na haki ya kuwachukua. Watatu hao ndio waliokaribia ukweli kuliko wote, maana walikataa kuwaweka watoto wote katika fungu moja, si la kuchukuliwa wala la kurudishwa.

Maana hatari ilikuwepo. Uchunguzi wa idara uliotolewa mwezi Desemba 2008 ulithibitisha kuwa mabinti 12 waliingizwa katika ndoa za kidini wakiwa na miaka 12 hadi 15. Mwezi Agosti 2011 Warren Jeffs alitiwa hatiani kwa kuwadhulumu kingono mabinti wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 15, akahukumiwa kifungo cha maisha pamoja na miaka 20. Kilichomwangusha ni kumbukumbu alizozitunza mwenyewe, zikiwemo sauti alizojirekodi. Wanaume wengine wa shamba lile walifungwa pia, kila mmoja kwa kosa lake. Mashtaka ya mtu mmojammoja yalifanya yale ambayo mabasi yaliyojaa watoto hayakuweza kufanya.

Basi wazazi wa jamii hizi wasijipongeze kwa hukumu ya mwaka 2008. Haki ya mzazi kulea kwa dini yake ni kubwa, na mahakama za Marekani zimeitambua mara nyingi. Mwaka 1972 ziliwaruhusu Waamishi kuwatoa watoto shuleni baada ya darasa la nane. Lakini haki hiyo ina ukomo. Katika shauri la Prince la mwaka 1944, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba mzazi yu huru kujitoa mhanga kwa ajili ya imani yake, ila hana uhuru wa kumtoa mhanga mtoto kabla hajafika umri wa kujiamulia. Baba anayemkabidhi binti yake wa miaka 13 kwa mzee kwa sababu kiongozi kaagiza, amevuka ukomo huo. Mama anayenyamaza naye ameuvuka, hata kama ukimya wake umechanganyika na hofu. Na mzee wa dini anayefungisha ndoa hiyo ana hatia kubwa kuliko wote wawili, kwani yeye ndiye aliyewaambia kwamba Mungu ametaka.

Afrika Mashariki suala hili lina sura nyingine, maana mitala yenyewe si kosa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaikubali, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaikubali kwa ndoa za kimila na za Kiislamu huku ikiweka umri wa miaka 18 kwa wote. Nchini Tanzania, kifungu kilichoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi kilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019. Katika mashauri hayo idadi ya wake wa mtu haikuwa na uzito. Kilichopimwa ni umri wa binti.

Utah imesogea upande huohuo. Tangu mwaka 2020, mitala baina ya watu wazima walioridhiana ni kosa dogo la faini katika jimbo hilo, na adhabu nzito imebakizwa kwa anayelazimisha, anayelaghai au anayeoa mtoto. Waliotetea mabadiliko hayo walisema kwamba mama anayeogopa kushtakiwa kwa ndoa yake hawezi kwenda polisi kuripoti kinachomfika binti yake. Wapinzani, baadhi yao wakiwa wametoroka katika jamii hizo, walijibu kwamba sheria laini itawapa viongozi uso wa heshima. Hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa sharti kwamba mama huyo akifika atapata pa kulala na mtu wa kumsikiliza, na kwamba binti yake hatarudishwa usiku ule kwenye nyumba aliyoikimbia.