Pikipiki Kuukuu Si Chuma Chakavu
Anayeitupa pikipiki kwa sababu ya umri wake mara nyingi huiadhibu kwa kosa la kutotunzwa. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1970, iliundwa kwa ajili ya nchi ambako matunzo ni haba: vali zake husukumwa kwa fito, si kwa cheni ya ndani, na muundo huo ni rahisi kufungua na kurekebisha. Oili safi, plagi nzuri, kabureta iliyosafishwa na vali zilizopimwa ni kazi za uani, kwa spana chache na subira. Watakaosema spea hazipatikani wakumbuke kwamba pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini hiyohiyo. Hofu ya usalama ina haki yake: fremu yenye ufa mpelekee fundi. Mengine jifunze mwenyewe.