Samaki Mmoja na Mtungo Wake

Msomaji, ipo methali itajwayo kila siku kana kwamba ni sheria: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nadai katika insha hii kwamba methali hiyo, itumiwapo juu ya wanadamu, ni mbaya, nayo imewaumiza wengi wasio na hatia.

Zamani katika Ireland, ukoo wa FitzGerald, mabwana wa Kildare, ulikuwa na nguvu kubwa hata wafalme wa Uingereza wakautumia kutawala nchi kwa niaba yao. Mwaka 1534 kijana wao Thomas alimwasi Mfalme Henry wa Nane. Alishindwa, na mwaka 1537 aliuawa London pamoja na ndugu watano wa baba yake, ingawa baadhi yao hawakuingia katika uasi ule. Kosa la mmoja likawa deni la nyumba nzima.

Usidhani kuwa hayo ni ya Ulaya tu. Abdurrahman Mursaal alikuwa kiongozi mkubwa wa Aulihan, Wasomali wa ukoo wa Ogaden, wakati nchi ya Mto Juba ilipokuwa chini ya Waingereza. Watu wake waliteka mifugo ya Marehan. Elliott, ofisa wa kituo cha Serenli, akaamuru irudishwe. Februari 1916 Abdurrahman alikishambulia kituo, na Elliott akauawa pamoja na askari wake wengi. Serikali, iliyokuwa ikipigana na Wajerumani, ilichelewa kujibu. Lakini mwaka 1917 ilipeleka jeshi, nalo likaunyang'anya ukoo silaha na mifugo.

Wako wamwitao shujaa, na wako wamwitao jambazi. Mimi siwafuati hawa wala wale. Kumpinga mgeni hakuifanyi mali ya jirani kuwa halali. Wala damu ya Serenli haikuipa serikali haki ya kumnyima maziwa mtoto ambaye hakushika mkuki.

Utasema: ukoo ulimfuata, basi ukoo ulistahili. Nami nauliza: mjane aliyekuwa kisimani akinywesha mbuzi wake, alimfuata lini? Mtawala naye husema kwamba pasipo fimbo ya wote mkosaji hafichuliwi. Lakini aadhibiwaye bila kosa hupata sababu ya kumficha mkosaji, si ya kumtoa.

Ukoloni ulikwisha mwaka 1963, methali ikabaki. Novemba 1980 watumishi wa serikali waliuawa hapa Garissa. Lilikuwa kosa kubwa. Lakini askari wakauchoma moto mtaa wa Bulla Kartasi, na raia wakakusanywa katika uwanja wa shule wakateswa, kana kwamba kila mmoja wao ndiye aliyefyatua risasi.

Sisi wa Galbet ni watu wa ngamia kuliko samaki. Mfugaji aonapo ngamia mmoja ana upele, humtenga na kumtibu. Hachinji kundi zima. Je, mtu hastahili akili itumikayo zizini? Basi, msomaji, usikiapo mtu akisema, "Watu wale ndivyo walivyo," usinyamaze. Muulize: nani, lini, na alifanya nini? Akishindwa kujibu, hana mashtaka. Ana chuki tu.