Mrututu hautoshi tena: Bordeaux yasaka mzabibu unaostahimili mvua

Kama umewahi kulima kahawa au nyanya, mrututu unaujua. Ni ile dawa ya buluu inayochanganywa na chokaa na kupulizwa ili ukungu usimalize majani. Wengi hawajui kuwa mchanganyiko huo ulipata umaarufu wake kwenye mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Sasa wakulima wa huko huko wanahangaika namna ya kupunguza kuutegemea.

Sababu ni mvua. Bordeaux iko jirani na Bahari ya Atlantiki na hupata mvua karibu kila mwezi. Mwaka 2023, joto na unyevu vilikuja pamoja, na ubwiri vinyoya ukashambulia mashamba mengi. Merlot, zabibu inayolimwa kuliko zote Bordeaux, ndiyo iliyoumia zaidi. Wapo waliopoteza karibu mavuno yote.

Ugonjwa ulitoka wapi?

Ubwiri vinyoya ulionekana Ufaransa mwaka 1878, ukitokea Marekani. Wakati huo wakulima walikuwa wakiagiza mizabibu ya Kimarekani ili kupambana na filoksera, mdudu aliyekuwa akiua mizizi ya mizabibu yao. Wakafukuza balaa moja, wakakaribisha jingine.

Dawa nayo ilipatikana kwa bahati. Wakulima wa eneo la Médoc walikuwa wakipaka mrututu na chokaa kwenye mizabibu ya kando ya barabara, ili wapita njia waione michafu na wasiibe zabibu. Profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet aligundua kuwa mizabibu hiyo ilibaki na majani huku mingine ikipukutika. Mwaka 1885 akatangaza matokeo ya majaribio yake, na dunia nzima ikafuata.

Tatizo la shaba

Mrututu una shaba ndani yake, na shaba hiyo ni kinga, si tiba. Inakaa juu ya jani na kuzuia kimelea kisiingie. Kikishaingia, umechelewa. Mvua kubwa ikinyesha, dawa inaoshwa na mkulima anarudi shambani kupuliza upya. Maana yake ni kwamba mwaka wa mvua nyingi ndio mwaka wa dawa nyingi.

Hapo ndipo shida inapoanza. Shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo mwaka hadi mwaka, na ikizidi inadhuru nyungunyungu na viumbe wengine wanaorutubisha ardhi. Ndiyo maana tangu 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta moja ndani ya miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka.

Wanaobanwa zaidi ni wakulima wa kilimo hai, kwa kuwa hawaruhusiwi kutumia dawa nyingine nyingi za viwandani. Yaani waliochagua kutunza ardhi ndio wanaotegemea zaidi dawa inayoichosha ardhi. Tena kila safari ya trekta kwenye udongo uliolowa inaushindilia, na mafuta yanaungua.

Mkulima makini anafanya nini?

Kwanza, anapambana na unyevu wenyewe. Anapogolea ili matawi yasisongamane, anapunguza majani karibu na vichala ili upepo upite, na anaacha nyasi kati ya mistari zinywe maji ya ziada. Lakini akizidisha kupunguza majani, jua kali la kiangazi linababua zabibu. Kwa hiyo wengi huondoa majani upande wa jua la asubuhi na kuacha kivuli upande wa jua la mchana.

Pili, anakuwa mkali wakati wa kuvuna. Zabibu zilizooza kwa ukungu wa kijivu huharibu rangi na ladha ya mvinyo, hivyo lazima zichambuliwe kabla ya kukamuliwa. Kinachoshangaza ni kuwa kule Sauternes, ndani ya Bordeaux hiyo hiyo, ukungu huo huo ukiingia kwenye zabibu zilizoiva, umande wa asubuhi ukifuatwa na jua la mchana, hutoa mvinyo mtamu wenye bei kubwa. Kumbe unyevu si adui siku zote. Inategemea umekuja lini na umekaa muda gani.

Tatu, na hapa ndipo mjadala ulipo, anabadilisha mzabibu.

Mbegu ipo, jina ndilo kikwazo

Mwaka 2018 Ufaransa iliidhinisha aina nne zilizozalishwa na watafiti wa taasisi ya INRAE: Artaban, Vidoc, Floreal na Voltis. Zimepatikana kwa kuchavusha mizabibu ya Ulaya na jamaa zake wa mbali, wakiwemo wa Marekani. Kule ulikotoka ugonjwa, ndiko ilikotoka na kinga. Aina hizi hupunguza sana idadi ya safari za kupuliza, ingawa watafiti wanashauri dawa kidogo iendelee ili kimelea kisiizoee kinga hiyo.

Kwa nini basi mashamba hayajajaa aina hizo? Kwa sababu chupa ya Bordeaux inauzwa kwa jina, na jina lina masharti. Mwaka 2021 Bordeaux iliruhusiwa kujaribu aina 6 za ziada, zilizochaguliwa hasa kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Lakini zisizidi asilimia 5 ya shamba wala asilimia 10 ya mchanganyiko wa mvinyo. Champagne ilipoikubali Voltis mwaka 2022, iliweka viwango hivyo hivyo.

Tahadhari hiyo inaeleweka. Mzabibu hukaa ardhini miongo kadhaa, na ladha ikibadilika mteja anaweza kuhama. Lakini kusubiri nako kuna gharama. Mauzo yameshuka, na mwaka 2023 ulitangazwa mpango wa kung'oa hadi hekta 9,500 za mizabibu Bordeaux, mkulima akilipwa euro 6,000 kwa hekta. Ardhi hiyo ingeweza kuwa nafasi ya kupanda aina imara, badala ya kuachwa tu.

Na Dodoma je?

Dodoma ni kukavu kuliko Bordeaux, na mkulima wake ana silaha ambayo Mfaransa hana: anavuna mara mbili kwa mwaka, na tarehe ya kupogolea ndiyo inayoamua zabibu zitaiva lini. Zinazoiva Agosti na Septemba hukutana na ukavu. Zinazoiva Februari na Machi hukutana na mvua, na ukungu huja nayo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa ipi ni kali, mkulima wa Dodoma aanze na kalenda yake ya kupogolea, kisha aina ya mzabibu alioupanda. Bordeaux ilianza na dawa, na zaidi ya karne moja baadaye ndiyo kwanza inaurudia mzabibu wenyewe.