Machozi Hayatoshi: Hadithi za Historia Zisimuliwazo na Mtoto

Walimu wengi huzipenda hadithi hizi kwa kuwa huwaliza wanafunzi. Nionavyo mimi, machozi si kipimo cha somo. Riwaya ya John Boyne ya mwaka 2006 yamfuata mtoto wa kamanda wa Kijerumani asiyeelewa kambi ya Auschwitz ni kitu gani. Msomaji humlilia yeye, ilhali watoto wa Kiyahudi waliouawa na Wanazi wafikia kama 1,500,000.

Hapa Ugogo tunayo Mtunya, njaa ya miaka 1917 hadi 1920. Mtoto wa siku zile angesimulia mvua iliyokataa na kilindo kitupu. Asingejua kuwa majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Basi, mwanachuo, usomapo hadithi ya namna hiyo darasani (au uitungapo mwenyewe, maana vitabu ni haba), tua hapo penye kilindo uulize: nafaka ya mwaka uliotangulia ilikwenda wapi? Swali hilo hula kipindi kizima. Liache lile.